Donda Langu na Paka wa Mkwe

Mguu wangu wa kushoto ni mwembamba kuliko wa kulia, na mahali penye kovu ngozi inang'aa, hapaoti hata unywele mmoja. Watoto wa shule ya misheni huniita Bibi Chechemea wakidhani sisikii. Nasikia. Nimeamua kuandika habari za mguu huu kwa sababu kila juma namwona mtu mwingine amekaa kwenye kile kibao cha barazani kwa wenye dawa, mguu umefungwa jani la mgomba, macho chini, anadanganya kama nilivyodanganya mimi. Kama mtu huyo ni wewe, na yupo wa kukusomea, sikiliza. Siandiki ili unipende. Ukifika mwisho hutanipenda sana.

Jina langu ni Subilaga. Nilibatizwa nikiwa msichana, nikafundishwa kusoma na wazungu wa misheni, nikaolewa na Ambakisye, naye Mkristo. Kwetu Unyakyusa vijana wakioa hujenga kijiji chao, mbali na kijiji cha baba zao, na sababu kubwa ni sisi wake zao. Mke hamwoni baba mkwe. Sisemi kwamba hamzoei, hamwoni kabisa. Ukimsikia anakuja unatoka njiani, unainama kichakani, unajifunika nguo kichwani mpaka apite. Jina lake hulitaji, na hata hapa sitaliandika. Nilikuwa nimeolewa miaka sita na sikujua kama mkwe wangu ni mrefu au mfupi. Nilijua kikohozi chake tu, maana wazee wenye adabu hukohoa wakikaribia ili watupe nafasi ya kujificha.

Misheni walitufundisha kwamba mambo hayo ni ya giza. Nami niliwafundisha wasichana wa shule hivyo hivyo, kidole juu, sauti inafika hadi mtoni. Halafu nikisikia kikohozi njiani, Subilaga huyo kichakani! Wasichana hawakujua. Nilihakikisha hawajui.

Kazi yangu ilikuwa kwa Bibi, mke wa bwana wa misheni. Bibi alikuwa na mashine ya picha, sanduku la mbao lenye jicho la kioo, linalosimama juu ya miguu mitatu. Watu hakupenda kuwapiga picha. "Wanasimama kama wamemeza mwiko," alisema. Alipenda paka wake wawili wa nyumbani, na kila kiumbe aliyeizunguka nyumba ile: kenge waliootea jua juu ya mawe, fisi maji wa kijito, furukombe, na kanu mmoja, mnyama mdogo wa madoadoa, mwizi aliyejua siku kuku wanapotaga. Picha alizipeleka Ulaya kwa mama yake mzazi, mzee asiyetoka kitandani.

Mwanzo nilimbebea vioo tu, vile vinavyowekwa ndani ya sanduku. Baadaye akanifundisha kila kitu. Naifunika mashine kwa majani, natandaza mpira mrefu mwembamba mpaka mafichoni, nakaa kimya. Mnyama akifika nabinya kibofu cha mpira mkononi, nayo mashine inafumbua jicho na kulifumba. Kisha naingia chumba cha giza, nakiosha kioo katika sinia ya dawa mpaka picha itokee. Nilikuwa hodari, na nilijiona. Hakuna mwanamke mwingine pwani yote ya ziwa letu aliyeijua kazi ile.

Palikuwa na paka mmoja ambaye Bibi alimtaka kuliko wote. Wa kijivu, nusu mwitu, sikio moja limekatika. Alionekana pembeni ya migomba, ng'ambo kidogo ya kijito, upande wa kijiji cha wazee. Tulimwekea maziwa, akayanusa na kuondoka. Alikuwa ameshiba siku zote, na hatukujua anashibia wapi.

Mvua kubwa zilipokuwa zinaisha, asubuhi moja, niliitega mashine pale. Matete yalikuwa yamekatwa kwa kujengea, visiki vimebaki vikali. Nikaingia katikati ya yale yaliyosalia, kibofu mkononi. Paka akaja. Akaketi, akageuza uso njiani kama anayemngoja mtu. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

Kikohozi.

Alikuwa karibu mno, sijui kwa nini sikumsikia mapema. Nilijitupa nyuma kinyumenyume, nguo kichwani, kibofu bado mkononi. Nikasikia kisiki kikiingia nyuma ya mguu wangu, juu kidogo ya kifundo. Sikulia. Nililala pale nimejifunika, damu inatoka, namsikia mkwe wangu akisema na paka kwa upole, maneno ambayo mtu humwambia mtoto anayekula. Maumivu yakanibana, vidole vikabinya kibofu, na mashine ikasema tk! Alikaa kitambo. Kisha akaenda zake.

Hapo hapo ningeweza kukivunja kioo kile, na ningekuwa sina kosa kwa mtu. Nilikichukua hadi chumba cha giza. Bibi alikuwa amelala na homa, hakuna aliyenisimamia. Katika sinia wakatokea viumbe wawili: paka mweupe, na mzee mweupe amechuchumaa. Kioo hugeuza, cheusi huwa cheupe, kwa hiyo bado ningeweza kusema sikumwona. Lakini nilichukua karatasi ya dawa, nikailaza chini ya kioo, nikaiweka juani, nikaketi kuingoja kama mtu angojaye ndizi ziive.

Hakuna aliyenituma, wala Shetani simsingizii. Nilitaka kumwona.

Akaja polepole juu ya karatasi. Mzee mwembamba, magoti makavu, kiganja kimeshika usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, na paka anakula humo humo kiganjani. Macho yake yalikuwa macho ya mume wangu kabisa. Alikuwa anacheka. Nilimtazama mpaka shingo ikaniuma. Kisha aibu ikanishika, nikaificha picha ndani ya kitabu changu cha nyimbo, na kioo nikakitupa kijitoni. Bibi nilimwambia kioo kimevunjika. "Pole, Subilaga," akasema. "Vioo huvunjika."

Kesho yake akaniona nachechemea. "Nini hicho mguuni?"

Sasa fikiri. Nikisema kisiki, atauliza nilianguka kwa nini. Nikisema nilimkimbia mkwe, basi yule mwalimu wa kidole juu kwisha habari yake. Nikasema, "Paka amenikwaruza."

Bwana alikuwa mlangoni. Alikuwa na hofu kubwa ya kichaa cha mbwa. "Paka yupi?"

Ningeweza kusema sikumwona vizuri. Lakini ulimi wangu ulikimbilia kwa asiye na mdomo wa kujitetea. "Yule wa kijivu," nikasema, "mwenye sikio moja." Nikasema hivyo nikijua kiganja kinachomlisha.

Bunduki ililia siku ya tatu, kabla ya saa sita. Bibi alilia machozi. Akanishika bega, akaniambia si kosa langu.

Haya, donda. Juma la kwanza lilikuwa tundu dogo. La pili likachimba, kingo zikavimba, likatoa maji. Nililipaka majani, nikalipaka samadi ya ng'ombe, maana ndivyo mama yangu alivyofanya, na kwenye dawa ya misheni sikuenda. Bibi angetaka kuona kama ni kucha za paka kweli. Wakati wa kuvuna mpunga nilikuwa nimekaa pembeni napepeta, wenzangu shambani. Wakati wa baridi donda lilikuwa na upana wa kiganja, na lilinuka.

Wanaokwambia maumivu ndiyo mabaya hawajanuka. Maumivu unakaa nayo mwenyewe. Harufu inakutangulia mlangoni. Wanawake niliochota nao maji walikumbuka ghafla kwamba wanapenda kwenda mapema. Mwanangu wa kike, miaka minne, aliziba pua mbele ya wageni, nikampiga kofi, mtoto wa watu hana kosa. Ambakisye alihamishia mkeka wake karibu na mlango, akasema ndani kuna joto. Wakati wa baridi! Nikajifanya nimeamini.

Siku moja nilikuta funza wadogo ndani ya donda. Nilikaa nyuma ya nyumba nawatoa kwa kijiti, Ambakisye akanikuta. Akachuchumaa. Akauliza taratibu, "Subilaga, umefanya nini?"

Kwetu hilo ndilo swali. Ugonjwa usiopona huulizwa hivyo, kwamba kuna jambo limefichwa.

"Nimefanya nini?" nikamrukia. "Wewe si Mkristo? Au umerudi kwa waganga?"

Kesho yake akanibeba mgongoni hadi misheni, mwanaume mzima, vijana wa rika lake wakimpigia mbinja. Alijikaza tu.

Ndivyo nilivyokijua kibao cha barazani. Unafika jua likichomoza, unakaa, unangoja. Wa homa wanatetemeka upande huu, wa vidonda upande ule karibu na upepo. Karibu yangu alikaa mama mmoja Mkisi, mfinyanzi kutoka mwambao wa Matema, aliyekuja kukaa kwa ndugu zake ili mkono wake ulioungua utibiwe. Yeye peke yake hakusogea.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu. "Mguu huo unanuka kweli kweli."

Nikataka ardhi ipasuke.

"Wangu nao ulinuka," akasema, akaonyesha mkono. "Ulipoanza kunuka mume wangu alikumbuka kwamba ana kaka huko ng'ambo ya ziwa. Bado yuko kwa kaka yake mpaka leo." Akacheka mwenyewe, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu mvua ziishe, nikacheka.

Bibi ndiye aliyefungua donda. Hakuuliza habari za kucha. Hapakuwa na alama yoyote iliyobaki ya kuuliza. Alilikwangua kwa kijiko, akaliosha kwa maji ya zambarau, akalimwagia unga wa manjano ambao harufu yake hadi leo ikinipitia natema mate. Akasema nije kila siku bila kukosa.

Nikakosa. Si kwa ukaidi. Njia ya misheni inapita katikati ya kijiji cha wazee, kando kabisa ya nyumba ya mkwe. Nikiwa mzima nilikuwa mwepesi. Kikohozi, hatua tatu, nimetoweka. Sasa mguu haukunjuki, nashikilia fimbo, nitajificha wapi? Na Ambakisye hakuweza kunibeba kila siku na mashamba yanamngoja. Mara mbili nilifika nusu ya njia nikasikia ng'ombe wake wanatolewa, nikageuka. Mara ya tatu nilijitupa chini, donda likapasuka upya. Bibi akiuliza, nasema mtoto aliugua. Mama Mkisi alinitazama.

"Mtoto wako huugua sana siku njia ikiwa na watu," akasema.

Kisha daktari wa boma akapita kwetu katika safari yake. Aliutazama mguu, akaubonyeza kwa kidole juu ya goti na chini ya goti, akasema na Bibi kwa Kidachi, lugha yao ya Ujerumani. Nilimwona Bibi akigeuka mwekundu.

"Anasema ukatwe," Bibi akaniambia. "Hapa, chini ya goti. Nimemwomba. Anakwenda bomani Neu-Langenburg na atarudi baada ya siku kumi na nne. Ukija siku zote hizo, na nyama ikawa nyekundu, atauacha. Ukikosa hata moja, Subilaga, ataukata. Unakosa kwa nini? Niambie mimi."

Sikumwambia. Nilikuwa na ulimi wa kumwua paka, sikuwa na ulimi wa kuuokoa mguu.

Nilimwambia Ambakisye. Nilingoja mtoto atoke kucheza, nikakifungua kitabu cha nyimbo, nikampa picha, nikageuza uso ukutani. Nikamwambia yote: kisiki, kioo, karatasi juani, paka. Hasa paka.

Aliisogeza picha kwenye mwanga wa mlango, akasema, "Umemtazama baba yangu."

"Nimemtazama."

"Ulimtazama ukaondoa macho?"

"Sikuondoa."

Akavuta pumzi. "Paka huyu baba alimwokota kwenye mafuriko, kitoto, anaelea juu ya mgomba. Alimlea ndani ya nguo yake. Tangu afe, baba hubeba usipa mpaka pale migombani, anaita, anarudi nao." Akainuka, picha mkononi. "Unajua kwamba lazima nimwambie."

Nilimwomba asiende. Nilimshika mguu. Nilisema afadhali ukatwe. Akaniondoa vidole kimoja kimoja, bila hasira, akaenda.

Alirudi jioni mikono mitupu.

"Amesemaje?"

"Hakusema. Hakutaka kuishika picha kwanza. Aliuliza jambo moja tu." Ambakisye akafuta uso kwa kiganja. "Aliuliza kama paka naye anaonekana."

Usininyamazishe hapo, nililia sana, na kilio chenyewe nakionea aibu, kwa sababu nililia kama mtu aliyeonewa.

Asubuhi nikashika fimbo na kwenda. Nilipokaribia kijiji cha wazee nilisimama kusikiliza. Nyumba ya mkwe mlango umefungwa. Ng'ombe wako ndani bado, wanalia, hawajakamuliwa. Wazee wengine wamekaa nje na kunitazama. Sikusikia kikohozi. Nikapita hatua kwa hatua, mwendo wa kinyonga, nguo kichwani, nikavuka. Nilipofika kijitoni ndipo nikasikia mlango unafunguliwa nyuma yangu na ng'ombe wanatoka.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote kumi na nne, kwenda na kurudi. Mzee yule, mwenye ng'ombe na wajukuu, alijifungia kwenye moshi akingoja mwanamke apite. Ambakisye aliniambia wazee wa kijiji walimcheka baba yake, wakamwuliza siku hizi ni nani mkwe na ni nani mke. Mimi ndiye niliyepaswa kujificha, naye alijificha badala yangu, mimi niliyemwulia paka wake.

Siku ya tatu ya dawa nilimwambia Bibi ukweli wa paka. Alikuwa anafunga kitambaa. Mikono ikasimama.

"Hakukukwaruza?"

"Hakunigusa, Bibi."

Akamaliza kufunga, fundo akalikaza kuliko kawaida, akaita, "Mwingine." Siku iliyofuata akaliosha donda vile vile, kwa uangalifu ule ule, hakunikosesha hata tone la dawa. Lakini chumba cha giza sijaingia tena, na mpira wa mashine anashika msichana mwingine. Wale wasichana niliowanyooshea kidole nao wamesikia. Ni haki yao.

Daktari aliporudi nyama ilikuwa nyekundu. Akaguna, akapita kwa mgonjwa mwingine. Mama Mkisi ndiye aliyepiga vigelegele, mkono wake mmoja umefungwa. Alinipa chungu kidogo cha kuchemshia vitambaa, akakataa nimlipe. "Ndaga fijo," nikamshukuru. "Jambo ulilonisaidia si chungu tu." Akasema anajua.

Donda lilifunga kabisa mpunga mpya ulipoanza kuchanua. Kwa hiyo, wewe uliye kwenye kibao: osha kwa maji yaliyochemka, kitambaa kichemshwe, samadi usiweke. Nenda kila siku. Na kama kuna kinachokuzuia kwenda, kitaje, hata kama ni cha kuchekesha, hata kama kitakuvunjia heshima yote uliyojijengea. Mimi heshima yangu ilinigharimu nyama ya mguu, na haikuwa mguu tu.

Mkwe wangu alifariki mwaka jana. Kabla ya hapo, siku niliyotembea bila fimbo mara ya kwanza, Ambakisye alitoka kumwona, akarudi na ile picha. Sikutaka kuigusa.

"Itazame," akasema. "Amekutumia maneno. Amesema, mwambie sasa anaweza kuitazama."

Nikaipokea. Mzee alikuwa amechukua ncha ya kisu akaukwangua uso wake wote, kwa utulivu, bila kutoboa karatasi, mpaka pakabaki peupe. Magoti yapo. Kiganja kipo, na usipa. Paka yupo mzima, sikio moja, masharubu yote, anakula.